Alizeti Iliyopanda Ndege

Shoga yangu, hicho kichupa chako cha kufutia vipodozi kigeuze nyuma usome zile herufi za sisimizi. Helianthus annuus. Jina la Kilatini, na bei nayo ya Kilatini. Kumbe ni alizeti! Hii hii inayolimwa Simiyu, ambayo mafuta yake, hapa Mwandoya, ukiuziwa ndani ya dumu la njano unapunguza bei mpaka muuzaji anaomba radhi.

Kazi inafanya, sikatai. Wanja usioogopa maji umeshikwa na nta na mafuta, na mafuta huyeyushwa na mafuta. Maji matupu yatakusambazia weusi hadi mashavuni. Ya kichupa yametiwa kiungo kinachoyafanya yakubali kusuuzika. Ya dumu yanadai kitambaa na maji ya uvuguvugu, basi. (Wenye chunusi wajaribu kidogo kwanza, liwe dumu au Kilatini.)

Lakini najua hutanunua ya dumu. Wageni wakiyakuta mbele ya kioo watadhani unakaanga maandazi chumbani. Haya, endelea na Kilatini chako. Ila mkopo wa kichupa cha mwezi uliopita, shoga, nirudishie kwa Kiswahili.