Natoka Shari

Kwa watu wa pwani, jina la kwetu ni balaa. Katika ndege ndogo ya kwenda Entebbe nilikaa ubavuni mwa mzee mmoja wa Mombasa. Akaniuliza, "Kijana, watoka wapi?"

"Natoka Shari."

Akalivuta begi lake karibu. "Na hiyo shari iko wapi?"

"Bunia, mzee wangu."

Hakusema neno tena mpaka tukavuka Ziwa Albert. Wala hakukosea sana, maana shari yenyewe nilikuwa nimeivaa mkononi.

Bunia na Entebbe, ukipita angani moja kwa moja, ni kama kilomita 300. Ndege ndogo huzimaliza kwa saa moja hivi. Kwa gari unapanda mpaka Mahagi, unavukia Goli, halafu unaanza kuizunguka Uganda huku mgongo ukikulaani. Ndiyo maana watu tunakubali kupimwa kama mihogo. Uwanjani tulipandishwa kwenye mizani mmoja mmoja, begi mkononi, kilo zikitangazwa kwa sauti. Mama aliyenitangulia alivua viatu, akavua kitenge cha mabegani, akampa binti yake pochi. Kilo zikabaki palepale. Akasema mizani imeharibika. Zamu yangu ilipofika, nikakubaliana naye.

Lakini tuache kilo, kesi yangu ni ya saa. Kwetu ikiwa saa tatu, Entebbe ni saa nne. (Kongo yenyewe ina majira mawili, Kinshasa wakiamka, sisi tushakunywa chai.) Basi ukienda, unaondoka saa tatu unafika saa tano. Ukirudi, unaondoka saa nne unafika saa nne ileile. Hayo niliyajua tangu shuleni. Saa yangu ya mkono haikusoma.

Siku mbili nzima Entebbe, nyumbani kwa shemeji, niliwasifu kwamba wanakula mapema. Shemeji alitabasamu tu; alidhani ni adabu.

Siku ya kurudi, ndege ilikuwa ya saa nne asubuhi. Niliagiza chapati ya pili, nikanywa chai bila haraka, nikafika uwanjani saa tatu na dakika 10. Binti wa dirishani akaitazama karatasi yangu, kisha akatazama juu angani.

"Baba, hii imeruka dakika 10 zilizopita."

Nikamwonyesha saa yangu. Akanionyesha ya kwake, na ya ukutani, na ya askari aliyekuwa akipita.

Nikaenda kukaa kwenye benchi, macho kwenye mkono. Ilipotimia saa nne kamili, simu yangu ya tochi ikalia. Mke wangu alikuwa uwanjani Murongo, kwetu Bunia.

"Ndege imeshuka sasa hivi. Mbona sikuoni?"

Nikaitazama saa tena. Kwa majira ya Bunia, sikuwa nimechelewa hata dakika moja.

Ndege iliyofuata ilikuwa ya Ijumaa.