Mlinzi wa Mstaafu

Mimi nilikwenda hospitali kwa ajili ya jasho. Jasho tu. Saa nane za usiku naamka kama nimemwagiwa ndoo, kanga chapachapa, feni inakwenda namba tano, na mume wangu kajikunyata pembeni ndani ya blanketi. Dar es Salaam, Februari!

Daktari, binti wa rika la kitindamimba wangu, akanipa shikamoo safi kabisa, kisha akauliza: "Mama, mfuko wa uzazi upo?"

"Mwanangu, wale wanne niliwabeba kwenye kikapu?"

Kumbe hatanii. Jasho la kukoma hedhi hutibiwa kwa homoni, na waliotolewa mfuko kwa sababu ya uvimbe hupewa estrojeni peke yake, wakaenda zao. Sisi wenye nao, estrojeni ikiachwa peke yake hunenepesha ukuta wa ndani, na saratani ikapata pa kuanzia. Lazima iwepo projesteroni ya kuulinda. Yaani mfuko umestaafu, na bado nautafutia mlinzi. Nyumbani kwangu sina hata mbwa.

Nikadhani nitaandikiwa, nilipe, niondoke. Thubutu! Chagua, mama.

Kuna vidonge vya medroksiprojesteroni, dawa ileile ya sindano ya miezi mitatu niliyoikimbia ujanani. Kuna kitanzi chenye homoni, kinalinda miaka mitano. Kitanzi, umri huu, nikapange foleni na mkamwana wangu? Nikamtajia krimu ya viazi vikuu anayoisifu shoga yangu wa saluni. Akatikisa kichwa, hiyo hailindi kitu.

Ikabaki projesteroni inayofanana na ya mwilini, kidonge laini cha usiku. Napo pana vichochoro: 200 mg kwa siku 12 za mwezi, na hedhi hurudi, au 100 mg kila usiku, bila mpangilio huo wa kurudi. Irudi wapi? Nina miaka miwili sijaiona, na pedi zilizobaki nilishampa mpangaji. Nikataka 100. Akaniuliza kama karanga zinanidhuru, maana baadhi ya vidonge hivyo vina mafuta yake ndani. Akasisitiza: meza ukiwa unakwenda kulala, kinaleta usingizi.

Mjuaji mimi nikameza tamthilia inaanza. Nimezinduka alfajiri kwenye kochi, rimoti mkononi, shingo imepinda, na mume wangu kitandani kajinyoosha katikati kama sultani.

Mwenye shida na mimi anipigie kabla ya saa tatu usiku.