Kwa Heshima ya Bati

Watu wa miji mikubwa wana mashine za kupoza hewa na nyingine za kuipasha moto, na kila moja ina fundi wake, rimoti yake na bili yake. Sisi wa Nyakiyumbu, huku chini ya Rwenzori karibu na mpaka wa Kongo, tuna mtambo mmoja unaofanya kazi zote mbili, hauli umeme wala haulali. Mtambo huo ni bati. Mchana hutupasha joto, usiku hutupoza. Kwamba mchana ndipo tunapotaka kupoa na usiku ndipo tunapotaka joto ni hitilafu ndogo ya ratiba, na muungwana hamlaumu mtumishi kwa sababu ya ratiba.

Bati lina ukoo pia. Mwaka 1829 Henry Robinson Palmer, mhandisi wa kampuni ya bandari ya London, alipata hataza ya kukunja bamba la chuma liwe na migongo. Aliezekea mabanda ya bandarini. Ilikuwa akili nzuri, maana shehena haitoki jasho.

Fadhila zake ndogo nazitaja harakaharaka. Haliliwi na mchwa. Hukinga maji ya mvua hadi pipani. Hufundisha unyamavu: mvua kubwa ikianza, mwalimu huweka chaki chini, mhubiri hufunga Biblia, na mume na mke waliokuwa wakigombana huahirisha hadi ipite.

Lakini fadhila yake kuu ni uaminifu wa kufikisha. Jua la saa sita likituma joto, bati halikati chochote njiani. Halisemi joto bado liko Kampala linasubiri saini. Haliundi kamati. Halikuulizi kitambulisho cha taifa wala halikuambii urudi Jumatatu na nakala tatu zenye mhuri wa mwenyekiti wa kijiji, yaani LC1. Hupokea mzigo na kuukabidhi wote, ukiwa bado wa moto, kwenye utosi wa mlengwa. Mlengwa ni mimi. Hata risiti hutoa: asubuhi linapotanuka hulia ta! kwenye misumari, jioni linaposinyaa hulia tena, ili nyumba nzima ijue kilichoingia na kilichotoka.

Usiku uaminifu ni uleule. Anga ikitakata, bati hutupa joto lake juu mpaka liwe baridi kuliko hewa yenyewe. Ndipo unyevu wa pumzi zetu hugeuka maji upande wa ndani na kutudondokea, tone moja moja, mnamo saa tisa. Yaani hata pumzi tuliyokwisha kuitoa tunarudishiwa. Katika wilaya nzima ya Kasese sijaona ofisi nyingine inayorudisha chenji.

Mtumishi huyu ana matunzo yake. Bati jipya hung'aa na kulirudisha jua kwa kiasi. Likishika kutu huacha adabu hiyo na kumeza karibu kila linachopewa, kama watumishi wengine waliokaa sana kazini. Nyumba yangu ni ya zamani na bati lake limefikia cheo hicho. Fundi hupanda na lami kuziba tundu moja, kwa magoti yake hufungua matatu, kisha hudai malipo ya manne. Ushauri wake ni dari, na kusema kweli dari hufaa, kwa kuwa hewa inayobaki kati yake na bati hupunguza makali. Tukaweka ya mikeka ya mafunjo. Popo walishukuru sana.

Dawa nyingine ni kuezua na kuezeka upya, na hapa uvumilivu wangu unaniishia. Kwenye bati, namba ikipanda unene hushuka: geji 28 ni nene kuliko 30, na 30 ni nene kuliko 32. Kwa hiyo anayekuuzia 32 amekupa namba kubwa zaidi, umshukuru. Mimi niliuziwa bati lenye chapa ya 28 ambalo mtoto wa chekechea anaweza kulikunja akalitia mfukoni. Nilipolalamika niliambiwa bati zuri ni jepesi, ili lisiichoshe nyumba! Huu ni wizi, na unafanyika mchana, kwa mizani na mhuri. Jirani yangu, ambaye Mungu amemjalia, akaezeka la rangi. Akachagua damu ya mzee, rangi inayokunywa jua barabara. Watu wakaja kumpongeza. Saa nane mchana pongezi zilikuwa bado zinaendelea, ila chini ya mwembe.

Hakuna aliyekwenda kumpongeza bibi wa pale jirani mwenye nyumba ya udongo na nyasi, iliyo baridi adhuhuri na yenye vuguvugu alfajiri. Sisemi turudi huko. Nyasi huungua, huvuja, na kila baada ya miaka michache hudai kuezekwa upya. Lakini sensa ya Mei 2024 iliuliza paa ni la nini, na kwenye majedwali ya namna hiyo bati huhesabiwa maendeleo na nyasi umaskini. Basi bibi maskini alikuwa ndani amelala fofofo, na mimi niliyeendelea nilikuwa nje najipepea kwa kifuniko cha sufuria.

Kwa kuwa bati ni maendeleo, ndilo pia zawadi. Uchaguzi ukinukia karibu, kanisa lisilo na paa hupata mabati kumi na mawili na hotuba ya kutosha kuezeka kanisa kuu. Mwaka 2023 mabati yaliyotengwa na serikali kwa ajili ya watu wa eneo la Karamoja yalizuka mahali ambapo Karamoja haijawahi kufika. Habari zikasema mengine yamefunika mazizi ya mifugo, mawaziri watatu wakafikishwa mahakamani kwa tuhuma hizo, na wakubwa wengine wakaanza kuyarudisha. Bati likiwa juu ya nyumba halipotezi hata chembe ya joto njiani. Likiwa kwenye lori hupotea lenyewe. Lakini kosa si la bati. Bati halijawahi kuapishwa.

Na hapa hapa Kasese, Mto Nyamwamba ulipofurika Mei 2020 ukabomoa nyumba na sehemu ya hospitali ya Kilembe, familia zilihamia kambi ya Muhokya, na miaka ikapita zikiwa chini ya maturubai. Hao hukuwasikia wakilalamikia bati. Wangelipata wapi?

Basi, mheshimiwa utakayekuja kutuomba kura: mabati yalete, makofi tutapiga. Ila yapimwe unene mbele yetu, yaje pamoja na mbao za dari, na orodha ya watakaoyapata ibandikwe ukutani kabla lori halijaondoka Kampala. Kisha hotuba yako uitoe ndani ya darasa la shule yetu ya msingi, saa nane mchana, ukiwa umevaa koti, wala usiifupishe.