Konda, Ongeza Sauti Kidogo

Msyuu! Eti kusikiliza si kusoma. Kauli hiyo kaitupa Mwalimu wetu mstaafu hapa kijiweni, jirani na stendi ya Bariadi, baada ya dogo mmoja wa bodaboda kujigamba kwamba mwezi huu kamaliza riwaya tatu. Riwaya tatu! Na hatujawahi kumwona na karatasi mkononi isipokuwa ile ya bima. "Umezisoma saa ngapi?" Mwalimu akamuuliza. Dogo akagusa sikio. Mwalimu akasonya msonyo mrefu mpaka fundi viatu akaacha sindano hewani.

Mimi nasema tumwache dogo. Anayetaka watu wasome kitabu wakiwa safarini hajapanda haisi ya Lamadi siku ya mnada. Kilomita 70 na ushee, mmekaa wanne kwenye kiti cha watatu, jogoo miguuni, mapajani umepakatishwa mtoto ambaye hata mama yake humjui. Kitabu utakifunulia wapi? Na ukikifunua, jirani naye anasoma, tena atakukataza kugeuza ukurasa kwa kuwa yeye hajafika chini. Zamani ilikuwa taabu zaidi. Kabla ya lami, ukitoka hapa kupitia Maswa hadi Mwigumbi, ukifika Shinyanga jina lako mwenyewe unalitaja kwa kigugumizi. Lami imekuja, mtikiso umekwisha, mbanano umebaki palepale. Mkono umebanwa, jicho limebanwa, kilicho huru ni sikio. Sasa nalo likae bure?

Jambo moja tu nampinga dogo: kuziba masikio yote mawili huku kabeba abiria. Bwana, hapa ni Usukumani. Ng'ombe hawapigi honi.

Tena hiyo ya kila mtu na spika zake masikioni ni ya vijana wenye bando. Sisi wengine kitabu chetu ni cha gari zima. Dereva akichomeka flashi, mmesomewa wote, upende usipende. Juzi kati natoka Maswa, dereva kaweka simulizi ya mke aliyekuwa akifichwa barua na mawifi. Aah! Gari lote likagawanyika. Wanaume wa nyuma upande wa mawifi, akina mama wa mbele wote upande wa mke, konda anaamua ugomvi badala ya kudai nauli. Mama mmoja mwenye ndoo ya dagaa alipitishwa kituo chake, akaambiwa ashuke, akasema hashuki mpaka barua ionekane. "Konda, ongeza sauti kidogo, huyo wifi mkubwa ananikera!" Barua ikaonekana, mama akashuka mbali huko, akarudi na ndoo yake kichwani kwa miguu, roho kwatu.

Tulipofika nikamsogelea dereva. Nikamuuliza, hii hadithi kaandika nani? Akanitazama kama nimemwomba leseni. "Imetoka kwenye memori."

Hapo ndipo penye donda langu. Mwandishi anaitwa Memori. Kijana wa kibandani anayekuingizia nyimbo za Kisukuma kwenye kadi anakutupia na simulizi kumi za nyongeza, zimechukuliwa huku na kule, mwanzo umekatwa, jina la mtunzi limekatwa, limebaki jina la aliyesoma na namba yake ya kurushiwa hela. Wapo wanaofanya kazi kwa heshima, tusiwachanganye. Denis Mpagaze na Ananias Edgar, mmoja mwandishi, mwingine msimulizi, majina yote mawili unayasikia, unajua nani wa kumsifu na nani wa kumlaumu. Lakini wengi? Wanasoma riwaya ya mtu toka jalada hadi jalada, halafu wanakwambia "simulizi yangu". Yako wewe? Nchi ina sheria ya hakimiliki ya 1999 na ina COSOTA, ofisi ya kuilinda, na hapa stendi mtunzi anaporwa mchana kweupe huku sote tunachekelea na kusema ongeza sauti.

Nirudi kwa Mwalimu, maana hakukubali kushindwa. Akasema jicho ndilo linalofundisha, sikio linapitisha tu. Mzee wetu mmoja, aliyekuwa akitafuna michembe yake kimya, akamwita, "Ng'wanawane," yaani mwanangu. Tukajua leo Mwalimu kapatikana. Mzee yule ni wa kisomo cha manufaa. Mwaka 1968 UNESCO na Serikali walianza mradi wao Mwanza, wakaingia mikoa ya ziwa yote, na sisi wakati huo tukiwa Mkoa wa Shinyanga, maana Mkoa wetu wa Simiyu umezaliwa 2012 tu. Watu wazima walifundishwa herufi kwa vitabu vya kazi wanayoifanya, na kwetu kazi ni pamba. Mzee anasema alijua kuandika "mbegu" kabla ya kujua kuandika jina lake.

Kisha 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya. Wanakijiji wanakaa chini ya mti, redio inasema, kijitabu kinasomwa na yule anayejua herufi, wengine wanasikiliza, wanabishana, wanaamua. Watu kama milioni 2 nchi nzima walikuwa kwenye vikundi vile. Wakitoka hapo, jembe mkononi, kuchimba vyoo. "Sasa, Mwalimu," Mzee akasema, "vile vyoo vilichimbwa na waliosoma au waliosikia?"

Mwalimu akaomba kahawa.

Nami nikaongezea, maana ukimkuta Mwalimu kaelemewa hupati nafasi hiyo kila siku. Nani hapa hakulelewa na Pwagu na Pwaguzi wa redioni? Na Twende na Wakati, iliyoanza 1993 Radio Tanzania, yule Mkwaju dereva wa lori mwenye mwanamke kila kituo? Watafiti walifanya ujanja: Dodoma wakaiacha bila mchezo ule mpaka 1995, ili walinganishe waliosikia na wasiosikia katika mambo ya uzazi wa mpango na UKIMWI. Wakaona tofauti. Watu walibadili mienendo ya nyumbani kwao kwa ajili ya dereva ambaye hayupo duniani, wanayemjua kwa sauti tu. Na hata sinema, sisi tulizisikiliza zaidi ya kuzitazama. Yule Lufufu akikusimulia filamu ya Wachina kwa Kiswahili, ngumi ulikuwa unaisikia mdomoni mwake kwanza.

Kwa hiyo sikio silitilii shaka. Wasiwasi wangu ni lishe yake. Dogo wa boda anaujua ukoo mzima wa Pablo Escobar. Anajua makachero wa Marekani walikula nini siku fulani. Nikamuuliza, Aniceti Kitereza je? Akasema labda mchezaji wa zamani wa timu ya Pamba.

Msyuu!

Ukerewe si ng'ambo ya bahari. Unatoka hapa, Lamadi, Bunda, unashika njia ya Kisorya, unapanda kivuko. Huko aliishi huyo Kitereza, mzee aliyemaliza kuandika riwaya kwa Kikerewe mwaka 1945, akakaa na miswada yake miaka na miaka, akaifasiri mwenyewe kwa Kiswahili, na Tanzania Publishing House ikaitoa 1980. Mwaka uliofuata akafariki. Inaitwa Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali, na unene wake unatisha mtu. Lakini hebu sikia kisa chenyewe: mume na mke wanapendana, hawana mtoto, wakwe wanamchukua binti yao wanarudi naye kwao. Mume anafunga safari kumfuata, anatozwa faini ya pombe ya ndizi, na hapo sasa kuna kuhangaika, kuna majirani, kuna maneno, kuna uganga wa kutafuta mtoto. Niambie, hiyo si ya haisi? Yule mama wa dagaa angefika Mwanza bila kujua. Tena mambo mengi mle ndani, ya wakwe, ya mifugo, ya namna ya kumpokea mgeni, Msukuma halazimiki kufafanuliwa.

Kisiwa hichohicho kikatoa mwandishi Euphrase Kezilahabi. Riwaya yake Rosa Mistika ya 1971 ilipigwa marufuku shuleni, na kitabu kilichokatazwa shuleni ndicho hasa cha kuweka kwenye gari, ningedhani. Lakini wapi. Sisi riwaya tumeijua kwa mtihani. Mtajie mtu riwaya ya Takadini, hakwambii habari ya yule mtoto zeruzeru na mama yake aliyetoroka naye kumwokoa. Anakwambia dhamira, falsafa, ujumbe, na kasoro za kifani, hoja kwa hoja, alama kwa alama. Wengi hata hicho kitabu hawakukisoma, walikariri kitini cha uchambuzi. Mwalimu hapo akainamisha kichwa, maana vitini vingine kaviandika yeye.

Dogo akauliza, hiyo ya faini ya pombe ipo kwenye memori? Nikamwambia ya kwenye memori siijui, ila nakala ya karatasi iko kwa Mwalimu, naiona kabatini kila nikienda kumsalimu. Fundi viatu, ambaye asubuhi nzima hakuwa upande wowote, ndiye aliyetoa wazo: Mwalimu atusomee hapa jioni, sura moja moja, sauti anayo, muda anao.

"Na mimi nirekodi, nipeleke kibandani," dogo akasema.

Kelele zikazuka. Wapi! Kusomeana sisi kwa sisi ni jambo jingine, kurekodi na kuuza kunataka ruhusa ya wenyewe, na hela yao iwafikie. Dogo akanuna, akasema basi tuwatafute hao wenyewe, tulipe, ila jina la Mwalimu litangulie. Tukamwambia la Kitereza litangulie. Mwalimu, yuleyule wa kusikiliza si kusoma, akaweka kikombe chini na kuuliza kama msomaji analipwa kwa ukurasa au kwa saa.