Jinsi ya Kufungwa Mara Nane Bila Kuhama Timu

Mwongozo huu ni wa shabiki ambaye timu ya chuo chake imepata kocha mpya, akampokea kwa vigelegele, kisha ikaanza kula kichapo kila Jumamosi. Somo letu ni Nebraska, kwenye futiboli ya Marekani, msimu wa 2018.

1. Usimvike kocha joho la mkombozi. Scott Frost alikuwa mtoto wa nyumbani. Ndiye aliyeongoza mashambulizi ya Nebraska ilipotwaa ubingwa wa taifa 1997, na alirudi akitoka kushinda mechi zote 13 za 2017 akiwa kocha wa timu ya chuo cha UCF. Akaanza kwa kupoteza sita mfululizo, mwanzo ambao Nebraska haikuwahi kuuona, na akamaliza na ushindi 4 na vipigo 8. Sifa za jana hazimkabi mpinzani wa leo.

2. Kagua ghala kabla ya kumlaumu mpishi. Kocha wa chuo hurithi vijana waliochaguliwa na mwenzake kwa mfumo mwingine. Enzi hizo, wengi wa aliowataka mwenyewe ilibidi awashawishi wangali sekondari, kisha angoje wakomae. Mwaka mmoja kabla ya Frost, Nebraska ilishinda mechi 4 na kupoteza 8 vilevile.

3. Tazama unavyofungwa. Septemba, Michigan iliichapa Nebraska 56–10. Novemba, Ohio State ilishinda 36–31 kwa jasho, na Iowa 31–28. Hapo timu ilikuwa inapanda, na shabiki alikuwa na haki ya kutumaini.

4. Weka akiba ya subira, na mfano wa kuitetea. Kocha Bill Snyder alipoanza msimu na Kansas State mwaka 1989, timu hiyo haikuwa imeshinda mechi tangu Oktoba 1986. Msimu wake wa kwanza alishinda mara moja na kupoteza mara 10. Ushindi huo, 20–17 dhidi ya North Texas, ulipatikana katika tendo la mwisho la mchezo. Mwaka uliofuata alishinda 5, kisha 7. Leo uwanja wa chuo una jina la familia yake.

5. Jaza kiti chako. Uwanja wa Nebraska mjini Lincoln umeuza tiketi zote kila mechi tangu 1962, na hata msimu ule mchungu haukuvunja desturi hiyo. Ukiwa pale, usimtukane mchezaji. Aliyedondosha mpira ni mwanafunzi, pengine wa miaka 19, na Jumatatu anaingia darasani na watu walewale waliomzomea.

6. Subira iwe na kikomo. Kufungwa kwa pointi chache katika mwaka wa kwanza ni dalili ya kukua. Katika mwaka wa nne ni ugonjwa. Mwaka 2021 Nebraska ilipoteza mechi 9, zote kwa tofauti isiyofika pointi 10. Septemba 2022 Frost akafukuzwa, akiwa na ushindi 16 na vipigo 31.

Kwa hiyo mwaka wa kwanza mpe kocha muda, wa pili mdai maendeleo yanayoonekana, wa tatu mdai ushindi. Vijana waunge mkono miaka yote, kwa sababu wao hawakumwajiri kocha wala hawana uwezo wa kumfukuza.