Jinsi ya Kumpima Mkemia Bila Kumwonea

Umeteuliwa kwenye kamati ya kupandisha vyeo. Mezani kuna faili la mhadhiri wa kemia ogania, chai inapoa, na wajumbe wenzako wanataka kumaliza kabla ya saa saba mchana. Mmoja wao ameshauliza swali linalofupisha vikao: “H yake ngapi?” Usimkaripie. Fuata hatua hizi.

1. Mjibu, kisha mweleweshe alichouliza. Kipimo cha h kilipendekezwa mwaka 2005 na Jorge Hirsch, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha California, San Diego. Panga makala za mtu kuanzia ile iliyonukuliwa zaidi. Kama anazo 20 zilizonukuliwa angalau mara 20 kila moja, na hazifiki 21 zenye nukuu 21, h yake ni 20. Hesabu ni nyepesi, na ndiyo maana inapendwa. Sasa mpe mwenzako zoezi: mtu ana makala 5 tu, kila moja imenukuliwa mara 10,000. H yake? Ni 5, na haitasogea hata dunia nzima izinukuu hizo hizo mpaka mwisho wa karne. Mwache anywe chai kwanza.

2. Irudishe namba kwenye kazi yake ya asili. Eugene Garfield, Mmarekani aliyesomea kemia, alitoa wazo la faharisi ya nukuu mwaka 1955, na mwaka 1964 akaanza kuichapa. Shabaha ilikuwa kumsaidia mtafiti: ukipata makala moja ya zamani, unawafuata wote walioitaja baadaye na kuona wazo limefika wapi. Nawe ifanyie kazi hiyo hiyo. Chagua nukuu kumi za mkemia wako, uzifungue, uone zinasema nini. Anayetajwa kwa sababu mbinu yake imemwokoa mwenzake, na anayetajwa kwa sababu amekosea, wote huongezewa moja kwenye hesabu.

3. Usimvishe mtu joho la jarida. Kigezo cha athari cha jarida ni wastani: nukuu za mwaka mmoja kwa makala zilizotoka katika miaka miwili iliyotangulia. Mwaka 2008, George Sheldrick wa Göttingen alichapisha makala kuhusu programu zake za SHELX, ambazo wakemia huzitumia kutambua umbo la molekuli kutokana na fuwele. Waliozitumia wakainukuu kwa maelfu, na kigezo cha jarida lile, Acta Crystallographica A, kikaruka kutoka takriban 2 hadi karibu 50 mwaka 2009. Makala za jirani hazikuwa zimeongezeka hata koma. Azimio la San Francisco, lililoandaliwa mwaka 2012, linahimiza jambo hili waziwazi: ubora wa makala usipimwe kwa kigezo cha jarida. Libandike ukutani, usawa wa macho ya mwenyekiti.

4. Tafuta kazi iliyozama. Victor Grignard alitangaza kitendanishi chake cha magnesi nchini Ufaransa mwaka 1900, akapata Tuzo ya Nobel mwaka 1912. Leo wanafunzi wa kemia wanakitengeneza maabara, wanakiita kwa jina lake, na karibu hakuna anayeweka makala yake kwenye marejeo. Kazi ikishakuwa mazoea ya kila siku, watu huacha kuinukuu. Kwa hiyo nenda maabara, uulize mafundi na wanafunzi: ni mbinu ya nani mnayoitumia bila kufungua kitabu?

5. Heshimu muda. Robert Woodward wa Harvard na Albert Eschenmoser wa Zürich, wakiwa na washirika karibu 100, walitumia zaidi ya miaka 10 kuunda vitamini B12, wakaikamilisha mwaka 1972. Faili linalohesabu makala kwa mwaka lingewaona wavivu kwa muongo mzima.

6. Isome habari ya Richard Heck kwa sauti, kikao kizima kisikie. Atomi za kaboni ni kaidi. Haziungani kwa sababu tu zimewekwa chupa moja. Mwaka 1968, akiwa mwajiriwa wa kampuni ya Hercules huko Delaware, Heck alichapisha makala 7 mfululizo, zote kwa jina lake peke yake, akionyesha kwamba paladiamu inaweza kuwa mshenga: inazikutanisha kaboni, inazifungisha, kisha inaondoka kuhudumia jozi nyingine. Tsutomu Mizoroki wa Japani alifikia mmenyuko huo kwa njia yake mwaka 1971, na Heck akauboresha mwaka 1972. Mwaka 1989 Heck alistaafu kutoka Chuo Kikuu cha Delaware, alikokuwa amehamia baada ya Hercules, fedha za utafiti zikiwa zimekauka, na baadaye akahamia Ufilipino, kwao mkewe. Mwaka 2010 akatunukiwa Nobel pamoja na Ei-ichi Negishi na Akira Suzuki, wakati mmenyuko wake ulikuwa umeshaingia viwandani, ukitengeneza dawa kama naproksen. Ilipita miaka 21 kati ya kukosa fedha na kupata tuzo. Kemia ile ile, mtu yule yule.

7. Uliza kama inarudika. Organic Syntheses, iliyoanza mwaka 1921, haichapishi utaratibu wowote mpaka urudiwe katika maabara ya mmoja wa wahariri wake na mavuno yalingane. Huo ndio mtihani wa kweli wa mkemia: mgeni afuate maelezo yake na apate alichokipata. Kama chuo chako kina maabara, mpe mwanafunzi wa uzamili mmenyuko mmoja kutoka kwenye faili aujaribu.

8. Andika ripoti bila namba kwanza. Sentensi tatu zinatosha: mkemia huyu aligundua nini, nani anakitumia, na nini kingekosekana bila yeye. Ukishaziandika, ongeza h yake mwishoni ukitaka, haitadhuru. Ukishindwa kuziandika, hujamsoma. Omba kikao kiahirishwe, uchukue faili nyumbani, kwa sababu yeye alitumia miaka maabara, na wewe unadaiwa jioni moja tu.