Safari ya Koko Isiyokuwa ya Kukimbia

Koko, mama wa baba yangu, amesafiri sana kwa mtu ambaye hakuwahi kupanga safari hata moja. Mwaka 1964, akiwa msichana wa katekisimu, alivushwa usiku kwa mtumbwi kwenda Ubwari, ng'ambo ya ghuba, kwa sababu ya risasi zilizolia misheni. Mwaka 1996 vita vilipofika Fizi alivuka ziwa lote mpaka Kigoma, akapelekwa kambi ya Nyarugusu, na huko akamzika mumewe na kulea wajukuu. Alirudi miaka karibu kumi baadaye kwa meli iliyokuwa ikiwaleta wakimbizi kutoka Kigoma hadi Baraka, ameshika karatasi ambayo tarehe yake, saa yake na nambari yake viliandikwa na watu wengine. Ndiyo maana, jioni aliyotamka mbele ya bugali na sombe kwamba anataka kwenda Uvira, tena aende amevaa vizuri, baba aliacha kula.

Kilichomwamsha ni habari iliyosomwa kanisani. Tarehe 14 Desemba 2023 Papa Fransisko aliidhinisha hati inayotambua kwamba wamisionari watatu wa Mtakatifu Fransisko Ksaveri na padri mmoja wa kwetu waliuawa kwa ajili ya imani, hapa Baraka na kule Fizi. Baadaye ikatajwa siku ya kuwatangaza wenyeheri: Jumapili, tarehe 18 Agosti 2024, Uvira.

Watu wa Baraka hawahitaji kitabu ili wakusimulie Jumamosi ile ya tarehe 28 Novemba 1964. Jipu la waasi lilisimama mbele ya misheni. Bruda Vittorio Faccin, kijana wa miaka 30, aliamriwa apande, akakataa, akapigwa risasi. Padri Luigi Carrara, miaka 31, alikuwa akiungamisha, maana kesho yake ilikuwa Jumapili ya kwanza ya Majilio. Akatoka, akapiga magoti kando ya mwenzake, naye akauawa hapohapo. Jipu likapanda milima mpaka Fizi, na huko jioni wakauawa Padri Giovanni Didonè na Padri Albert Joubert. Huyu Joubert alikuwa mtoto wa nchi hii, mzaliwa wa Mrumbi upande wa Moba mwaka 1908, baba Mfaransa, mama Mkongomani.

Siku hiyo Koko alikuwa ziwani akisugua vyombo kwa mchanga. Aliposikia milio alikimbia nyumbani na kuiacha sufuria kubwa ya mama yake majini. Anasema hakuna mtu aliyemgombeza kwa sufuria ile, na hapo ndipo alipojua kwamba jambo baya sana limetokea.

Basi baba aliacha kula, lakini hakusema hapana. Alisema tu, "Mama, hilo goti lako." Koko akamjibu kwamba goti linakwenda naye.

Kazi ya kutafuta nauli ilianza siku iliyofuata. Mama huuza ndagala sokoni, na kila siku ya soko alitenga franka kidogo. Kaka yangu yuko Misisi kwenye machimbo ya dhahabu. Alikuwa akituma dola moja moja kwa watu wanaoshuka. Shangazi aliahidi gawio lake la kikundi cha akiba, wakati wa kugawana ukifika. Pesa zote ziliingia kwenye kopo la maziwa ya unga lenye kifuniko, na kopo Koko alilifukia mwenyewe jikoni, nyuma ya mafiga, mahali ambapo hakuna mwizi angechimba bila kuungua. Kila jioni baada ya rozari alikuwa akiitupia jicho ile kona, halafu anakwenda kulala.

Halafu ziwa likaja nyumbani.

Tanganyika inapokea mito mingi, lakini ina mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga kule Kalemie. Mvua zikizidi, maji hayana pa kwenda ila kwa watu wanaokaa ufukweni. Mwezi wa nne na wa tano mwaka 2024 yalipanda Baraka, Uvira, Kalemie na hata Bujumbura. Wazee walisema hawajaona maji namna hiyo tangu 1964, na ni kweli, mwaka ule nao ziwa lilipanda sana. Kwetu yalianza uani, yakaingia jikoni, na usiku mmoja vyungu vikaanza kuelea. Tukabeba magodoro, mbuzi na Koko mgongoni mwa baba, tukapanda kwa shangazi juu ya barabara. Kulipokucha tu, Koko akauliza, "Na kopo?"

Kopo lilikuwa chini ya maji, na jiko lote limegeuka tope. Baba alisema sasa tuwe wakweli: hiyo safari imekwisha, pesa hizo ni za kujengea upya. Mama alinyamaza. Koko hakubishana na mwanawe. Aliwasha mshumaa, akatuongoza rozari nzima bila kuruka tendo hata moja, huku watoto wakisinzia. Alipomaliza ishara ya msalaba alimgeukia mjukuu mkubwa akasema, "Tumeshasali. Sasa leta beseni."

Nimeyaweka maneno hayo moyoni, kwa sababu ndiyo imani niliyoiona kwa mwanamke huyu siku zote. Sijapata kumsikia akimwomba Mungu amfanyie kazi ya beseni.

Vijana walikwenda na koleo na lile beseni, wakachimba maji yakiwa magotini, wakarudi na kopo lenye kutu. Kifuniko kilikuwa kimeshika vizuri, lakini si vizuri vya kutosha. Noti zilikuwa zimegandana kuwa donge moja la rangi ya majivu. Koko alilitumbukiza kwenye maji safi, akaanza kuzibandua moja baada ya nyingine kwa ukucha wa kidole gumba, akizipuliza pembeni ili zifunguke. Mama akatandika wavu wa kuanikia ndagala juani, tukazipanga noti kwa mistari, kila moja na kokoto yake juu.

Wavu wa ndagala una harufu yake, na jirani ya shangazi anafuga mabata. Yalikuja yote kwa pamoja. Kabla mtu hajanyanyuka yalikuwa yamepita juu ya safari ya Koko na miguu yenye tope, yakinyakua noti kwa midomo na kuzitema, yakitafuta samaki aliyeacha harufu hiyo. Watoto waliyafukuza huku wanapiga kelele, na kelele zikazidi kuyatawanya. Tulikusanya vipande mpaka chini ya migomba.

Anayekaa Kongo anajua kilichofuata. Franka inaweza kuchoka, kuchafuka, kuunganishwa kwa gundi, na bado ikanunua chumvi. Dola ikiwa na mpasuko mdogo kama unywele, hakuna muuzaji anayeigusa. Dola za kaka, alizozipata shimoni Misisi kwa jasho lake, karibu zote zilikuwa na alama ya mdomo wa bata au tundu la ukucha. Mbadilisha fedha alizipokea kwa bei ya kuumiza. Koko alihesabu franka alizopewa, akazihesabu tena, akasema, "Bado ipo njia." Gawio la shangazi lilipotoka mwezi wa saba, likaziba sehemu kubwa ya pengo. Baba, aliyesema safari imekwisha, aliuza matofali aliyokuwa amejiwekea, bila kumwambia mtu.

Ikabaki nguo. Shirika letu la mtaani lilichanga kununua vitenge vyenye picha za mapadri watatu na bruda, na Koko akapeleka chake kwa fundi wa cherehani mwenye sifa. Fundi alikata kwa kubana kitambaa, kama mafundi wanavyofanya kazi zikiwa nyingi. Siku ya kujaribu, Koko alisimama katikati ya nyumba, na mama akamzunguka akivuta pindo huku na huku, kisha akasimama nyuma yake na kuziba mdomo kwa mkono. Uso wa Padri Joubert ulikuwa umeangukia pale pale mtu anapokalia.

Fundi aliletwa. Alisema haionekani ukiwa umesimama. Koko alisema kwa sauti ya upole kwamba misa itakuwa ndefu na yeye ni mzee, kukaa atakaa, na hawezi kumkalia padri aliyemwaga damu yake Fizi. Kwa hiyo mama na shangazi walifumua mshono usiku kucha kwa wembe na taa ya betri, wakageuza kipande cha nyuma, wakaongeza kiraka kutoka kwenye kilemba. Padri Joubert akahamia begani. Kilemba kikabaki kifupi, kinatosha kufunga mara moja tu, na kwa macho yangu kilimpendeza zaidi hivyo.

Lori lililokodiwa kwa ajili ya mahujaji lilijaa vijana mpaka juu ya kingo, na goti la Koko halikukubali kupanda ngazi yake. Barabara ya Uvira, kupitia Mboko, Swima na Makobola, ilikuwa mbaya kiasi cha kumvunja hata mwenye magoti mazima. Iliyobaki ilikuwa boti ya mbao iendayo bandari ya Kalundu, huko Uvira. Hakuna aliyethubutu kumtajia. Ziwa hili yeye amelivuka akikimbizwa, amelala chini ya turubai na mtoto kifuani, na tangu arudi hakupenda hata kuchota maji yake giza likiingia. Yeye mwenyewe ndiye aliyesema. "Maji haya yamenibeba nikilia. Safari hii yanibebe nikiimba."

Tuliondoka Jumamosi asubuhi, Koko, baba na mimi, na kapu la ndagala kavu ambalo hakuna aliyeweza kumshawishi aliache. Mwezi wa nane upepo wa kusini unavuma kwa nguvu, na ulikuwa unatusukuma mgongoni. Koko alikaa mbele, ameshika ukingo kwa mikono miwili, anaangalia milima ya kwetu mchana kweupe, anavitaja vijiji. Mbele kidogo mashine ikakohoa na kuzimika. Boti ikajigeuza ubavu, mawimbi yakaanza kuingia, na akina mama wakaanza kulia. Nahodha alifungua mashine, akaifuta, akapuliza mpira wa mafuta, akafunga, akafungua tena. Baba alikuwa anachota maji kwa bati. Koko alianzisha rozari, na alipoona mwanamke mmoja anatapika, akaisimamisha, akamshika kichwa na kumpa limao kutoka kwenye kapu, kisha akaendelea pale alipoishia. Sitasema mashine iliwaka kwa tendo fulani la rozari. Iliwaka nahodha alipoutoa uchafu uliokuwa kwenye mpira, na Koko akamshukuru yeye kwa jina lake, na Mungu baada yake.

Tulifika Kalundu jua limezama. Wenyeji wetu walikula ndagala zile usiku huohuo, maana wageni walikuwa wengi na chakula hakikutosha.

Jumapili watu walijaa katika kanisa kuu la Mtakatifu Paulo na nje yake, na Koko hakuona altare. Aliona migongo. Lakini vipaza sauti vilifika, na Kardinali Fridolin Ambongo, aliyetumwa na Papa, alipofika kwenye maneno ya kuwatangaza, Koko alinishika bega akasimama. Majina yalisomwa: Luigi Carrara, Giovanni Didonè, Vittorio Faccin, Albert Joubert. Vigelegele vilipanda mpaka milimani. Baba alilia. Koko hakulia, alikuwa anatikisa kichwa taratibu, kama mtu anayesikiliza hesabu anayoijua na kukuta kwamba imekamilika. Alisimama mpaka wimbo ulipokwisha, kisha akaketi na kuomba maji.

Sasa anataka kwenda Fizi, kupanda mpaka pale Didonè na Joubert walipouawa. Kopo jipya liko juu ya kabati kwa shangazi, mbali na ziwa, na kaka ameambiwa atume franka. Nawasihi wenzangu wa Baraka, wa Fizi, na wa huko Nyarugusu: kama nyumbani mwenu yupo mzee aliyekuwa na akili zake mwaka 1964, muulizeni aliona nini, mkiandike pamoja na tarehe na mahali, kisha muulizeni anataka kwenda wapi. Wamebaki wachache, na akiba ya nauli inachukua muda. Anzeni mwezi huu.